Jiko Lisilojua Ugali

Niliropoka tu, na ndivyo nilivyojipatia kazi ya kuchagua jiko.

Tulikuwa wanawake watatu juu ya kilima cha Riat, tumevua viatu na kunyoosha miguu kwenye nyasi, Kisumu ikiwa chini yetu na ziwa likimeta nyuma yake. Tulikuwa tumeanza kutembea pamoja kila Jumamosi asubuhi baada ya daktari kuniambia kwamba presha yangu inapanda na kwamba magoti yangu yanabeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Alisema kwa upole, lakini alisema huku akinitazama kiunoni. Jirani yangu, mzaliwa wa Nyeri ambaye ameuza nguo za mitumba sokoni Kibuye tangu alipoolewa huku, alikubali kunisindikiza kwa sababu alikuwa amechoka kukaa kwenye kiti cha plastiki. Wa tatu alikuwa mkubwa wetu, muuguzi mstaafu ambaye sisi wawili tunamwita Mama. Siku ya kwanza alikuja ili kuhakikisha sizimii njiani. Kufikia siku ya pili ndiye aliyekuwa mbele, akitungoja kwenye kila kona kama mtu anayengoja ng'ombe.

Siku hiyo Mama alivuta pumzi akasema, "Ingekuwa vizuri kulala mahali kama hapa, mtu aamke na hii hewa."

Jirani akasema mahema hayangekuwa shida, kwa sababu marobota ya mitumba huwa na kila kitu, hata mahema. Shida ilikuwa chakula. Kuni msimu wa mvua haziwaki, na makaa ni mazito na machafu.

"Jiko niachieni mimi," nikasema. "Mimi ni mwalimu wa sayansi ya nyumbani. Nitatafuta jiko moja, dogo la kubeba mgongoni, la kila mahali na la kila msimu."

Hakuna aliyekuwa ameniomba la kila mahali na la kila msimu. Hayo niliyaongeza mwenyewe, kwa raha ya kusikika nikiyasema.

Nilianza kwa kutazama video. Waliozitengeneza walikuwa karibu wote wanaume wenye ndevu, wamekaa kwenye theluji peke yao, wakieleza majiko kwa sauti ya chini kama watu wanaoungama. Nilijifunza kwamba gesi ya kopo hulegea kwenye baridi kali, kwamba spiriti ni nyepesi kubeba lakini ni mvivu, kwamba mafuta ya taa huwaka popote ila yana hasira. Nilijifunza upepo ni adui. Nikaanza kupima vitu uzito. Nilipima sufuria kwenye mizani ya darasani, nikapima vijiko, nikapima chumvi na karatasi yake. Katika chumba cha walimu nilizungumzia majiko asubuhi na adhuhuri, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama nimehamia dhehebu jingine.

Jiko la kwanza nililinunua Nairobi nilipokwenda kusahihisha mitihani. Lilikuwa jiko la gesi, dogo kama ngumi ya mtoto, lenye vimiguu vya kukunja na linalokaa juu ya kopo la gesi. Nilirudi nalo nikalijaribu mezani jikoni kwangu. Chai ilichemka kabla sijamaliza kukata mkate. Nilimwita mume wangu aje aone. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, alilitazama, akatazama jiko letu kubwa la gesi lililokuwa kando yake, akauliza, "Kwani ile imeharibika?"

Nilimwambia hawezi kuelewa.

Tuliamua kulala kwanza ufukweni, mbele kidogo ya Kisian, kwenye kiwanja cha shemeji yake Mama kinachoshuka mpaka majini. Tulifika mchana, tukasimamisha mahema, na ngege wabichi tukanunua pale mashua zinapotua. Nilipanga jiko langu juu ya mchanga kama madhabahu. Chai ilitoka. Samaki nao waliiva, ingawa niliwapika mmoja mmoja maana sufuria pana ilikuwa inaning'inia pande zote za lile jiko kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha kichanga. Upepo wa ziwa ukaanza, nikazungushia jiko karatasi ya foili. Kisha nikakumbuka mzee mmoja wa video aliyeonya kwamba kopo la gesi likizibwa hivyo linaweza kupasuka, nikairarua foili kwa kasi iliyomfanya Jirani ainuke na kukimbia kabla hata hajajua anakimbia nini.

Baada ya hapo likabaki jambo moja, ugali.

Ugali wa watu watatu si maji ya moto. Unga ukishaingia, mtu anapigana nao. Nilishika mwiko, Jirani akashika ukingo wa sufuria kwa leso, Mama akasimama pembeni mikono nyuma. Nilisonga kwa adabu mara ya kwanza, sufuria ikateleza. Nikasonga tena, vimiguu vikalia. Ugali ulipoanza kushika, nikasahau niko wapi, nikauelemea kama ninavyouelemea nyumbani. Jiko likalala ubavu, taratibu kabisa, kama mtu aliyechoka na kikao. Sufuria ikabingirika, ugali ukakaa mchangani ukitoa mvuke.

Nilizima gesi. Kuku wa shemeji, ambao sijui walikuwa wamejificha wapi, wakafika wote.

"Mwalimu," Mama akasema, "hao wazungu wa video, wanakula ugali?"

"Hapana, Mama."

"Sasa ulikuwa unatazama nini?"

Tulikula ngege na mkate. Wale wadudu wa ziwa wanaopaa kama moshi walikuja jua lilipozama, wakaingia kwenye chai, tukanywa nao. Jirani alisema samaki ni wazuri sana, kwa sauti ambayo mtu hutumia msibani.

Nilijitetea kwa siku kadhaa kwamba kosa lilikuwa la mchanga. Lakini gesi ilipokwisha nikatafuta kopo jingine Kisumu nzima nisilipate. Dukani nilipoingia mwisho, muuzaji alinisikiliza nikieleza, akaenda nyuma, akarudi na mtungi wa kilo sita, akaniuliza kama nitaubeba mwenyewe ama aniitie boda. Jiko langu la kila mahali na la kila msimu lilikuwa limefaa mahali pamoja, mara moja, na hata hapo lilianguka.

Kwa hiyo nikahamia kwenye spiriti. Video zilisema hili unaweza kujitengenezea kwa makopo mawili ya soda, nami nikajitengenezea, nikikata na kutoboa hadi vidole vyote vikawa na plasta. Spiriti ilipatikana kwa urahisi duka la dawa. Jiko lenyewe lilikuwa jepesi hivi kwamba nililipoteza mara mbili ndani ya mkoba. Ila sikuwa nimezingatia kwamba moto wa spiriti mchana hauonekani. Tulikuwa Riat, Januari, kavu na upepo mtupu. Niliwasha, sikuona kitu, nikadhani imezima. Nikainama kuangalia kwa karibu.

"Mwalimu, kitu kinanuka," Jirani akasema.

Kilichonuka kilikuwa nyusi yangu ya kushoto.

Mama aliniangalia kwa macho yake ya wadi, akasema ngozi iko salama na nyusi huota. Kisha tukakaa kusubiri chai. Tulisubiri sana. Upepo ulikuwa unachukua moto na kuupeleka mtaa wa Mamboleo kule chini. Jirani akasema anaenda kujinyoosha kidogo. Akateremka barabarani, akakaa huko, akapanda tena polepole, na aliporudi alikuwa ananukia mandazi. Maji yalikuwa bado vuguvugu. Nilirudi shuleni Jumatatu na nyusi moja ya kuchora. Wasichana wa kidato cha tatu hawakunitazama popote pengine.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Wenzangu walinipa kila nafasi ya kuacha. Mama alisema hata mihogo ya kuchemsha nyumbani ni chakula. Jirani alisema watu wengi hulala porini na mikate. Lakini nilikuwa nimeahidi, na zaidi ya kuahidi nilikuwa nimejisifu, na anayejisifu hana mahali pa kurudi.

Jiko la tatu lilinijia lenyewe. Jirani alinipigia simu kutoka sokoni Jumapili moja baada ya kanisa.

"Njoo uone hii kitu," akasema. "Iko na pampu."

Nilikuta muuzaji wa vyombo vya mitumba amelitandaza kwenye gunia katikati ya pasi na saa za ukutani. Alikuwa anawaambia watu ni kifaa cha kupulizia ng'ombe dawa ya kupe. Mimi nililijua papo hapo. Lilikuwa fupi, pana, lenye miguu mitatu ya chuma iliyotanuka, na mrija uliotoka kwenye jiko hadi kwenye chupa ya mafuta yenye pampu. Ni jiko la mafuta ya taa, lile lile ambalo wale wenye ndevu hulishika kwa heshima na kusema kwamba halijawahi kuwaangusha milimani. Nilijaribu kukaza uso nisionekane nalitaka. Jirani, ambaye ameishi kwa kusoma nyuso za wateja, aliniambia baadaye kwamba hata mbuzi angejua.

Jiko la namna hii haliwashwi kama kiberiti. Unapiga pampu, unamwaga spiriti kidogo kwenye kikombe chake, unaichoma ili mrija upate joto, kisha unafungulia mafuta polepole. Ukifungulia mapema, mafuta hutoka yakiwa majimaji na kuwaka vyovyote yapendavyo. Mimi nilifungulia mapema. Nilikuwa verandani, mume wangu ameketi karibu na kikombe chake cha chai. Moto uliruka ukalamba bati. Yeye hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua kikombe, akachukua kiti, akaenda kukaa langoni, na kwa majuma yaliyofuata kila nilipotoka na lile jiko yeye alikuwa tayari ameshahamia huko. Wapita njia walimsalimia na kumuuliza kama kuna matanga.

Nilijifunza, lakini nililipa kwa masizi. Siku moja nilifundisha somo zima la usafi wa jikoni, nikisisitiza kucha na nywele, huku nina doa jeusi kutoka puani hadi kidevuni. Nililiona baadaye kwenye kioo cha choo cha walimu. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameuliza swali hata moja, nami nilikuwa nimedhani wameelewa.

Baada ya mwezi hivi niliweza kuliwasha bila kuhatarisha paa. Likishika moto lilikuwa linanguruma kama lori linalopanda mlima. Upepo haukulitisha. Mafuta yalipatikana kituo chochote. Kilichobaki ni kwamba lilijua mambo mawili tu, kuzimika na kuwa jehanamu. Ugali nilioujaribu nyumbani uliungua chini ukiwa juu bado ni uji. Sikuwaambia wenzangu. Niliwaambia jiko limepatikana.

Julai tulipanda nalo upande wa Nandi, kwenye shamba la rafiki yake Mama waliyefanya kazi pamoja zamani. Sisi watu wa ziwa hudhani tunajua baridi kwa sababu tuna sweta. Huko juu mvua ilitukuta tukisimamisha mahema, ikanyesha mpaka alfajiri, na kulipokucha ukungu ulikuwa umekaa juu ya michai hadi hatuoni nyumba ya mwenye shamba. Hema la Mama lilikuwa limevuja. Alitoka amejifunika kila kitu alichokuja nacho, midomo imebadilika rangi, meno yakigongana. Yeye ambaye hutungoja kwenye kona alikuwa hawezi kufunga kifungo.

"Sio kitu," akasema. "Ni baridi tu. Nipeni kitu cha moto."

Jirani akamvisha sweta yake mwenyewe na kumsugua mikono. Mimi nikachukua jiko nikaingia chini ya kipande cha turubai. Nilipiga pampu. Haikushika. Iliingia na kutoka kama mkono kwenye mfuko mtupu, haina upepo wowote. Nikapiga tena, na tena, na nikahisi machozi yakinijia, maana niliona wazi kwamba kwa ajili ya maneno yangu nilikuwa nimemleta mtu mzima kwenye baridi na chombo cha kupulizia kupe.

Kisha nikamkumbuka mmoja wa wale wa video, bibi pekee kati yao, mwenye mvi, niliyemtazama siku moja tu. Alikuwa amesema ndani ya pampu kuna kikombe cha ngozi ambacho hukauka, na kikikauka hakibani. Nikaifungua pampu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ngozi ilikuwa ngumu kama ganda. Nikaomba mafuta ya kujipaka ya Mama, nikaipaka, nikaipanua kwa ukucha, nikairudisha. Pampu ikashika. Nikamwaga spiriti, nikawasha, nikangoja. Sikutoa maelezo yoyote, na Jirani alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli, aliponiona nawasha jiko nimenyamaza.

Likanguruma. Nilichemsha maji, nikakoroga uji mwepesi wa wimbi, nikautia sukari nyingi. Mama aliushika kwa mikono yote miwili, hakuunywa kwanza, aliukumbatia. Baada ya kikombe cha pili akafunga kifungo chake mwenyewe. Baada ya cha tatu akasema uji una madonge.

Nilikuwa nangoja niambiwe asante, au angalau jiko liambiwe. Nililipangusa polepole mbele yao, mara mbili. Jirani akaniuliza kama kuna uji umebaki.

Kufikia adhuhuri mvua ilikatika na sote tulikuwa na njaa ya kweli. Tulikuwa tumebeba omena wakavu, dagaa wetu wa ziwani, chakula ambacho sijaona mwanamume wa theluji akikijua na ambacho ni chepesi kuliko chochote walicho nacho. Niliwakaanga vizuri na nyanya. Kisha wenzangu wakatoa unga, wakanitazama, na ikabidi niseme ukweli, kwamba hili jiko nalo halijui ugali. Moto wake ni mkali mno na haupungui.

"Kama moto haushuki," Mama akasema, "si sufuria ipande?"

Nilizunguka shambani nikaokota mawe, nikachagua matatu ya kimo kimoja, nikayapanga kulizunguka jiko na kuweka sufuria juu ya mawe badala ya juu ya jiko. Chupa ya mafuta ilibaki nje, mbali na joto, kwa urefu wa mrija wake. Sufuria ilisimama imara. Nilisonga kidogo, haikutikisika. Nikauelemea. Ikabaki palepale.

Nilikuwa nimefika katikati ya kusonga nilipoinua kichwa kuona nimejenga nini. Yalikuwa mafiga. Mafiga matatu ambayo nimeyafundisha miaka yangu yote kazini, sura ya kwanza kabisa ya majiko, ambayo huwa nayapitia haraka kwa picha moja ubaoni ili tufike kwenye vitu vya maana. Jirani naye aliona, akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akae chini kwenye majani mabichi. Mama hakucheka. Aliniambia nigeuze ugali kabla haujaungua.

Uliungua kidogo upande mmoja. Ulikuwa pia mgumu, umeinama kama nyumba iliyojengwa na mkandarasi wa serikali. Tuliumaliza wote, na Jirani akakwangua ukoko.

Tangu hapo tumepiga kambi misimu yote, kama nilivyotamka pale mwanzo bila kujua nasema nini. Tumelala ufukweni vumbi la Februari likiingia kwenye chai, na tumelala juu ya Riat mvua ya Aprili ikipita chini ya godoro. Jiko hubebwa kwa zamu, na anayelibeba hulalamika. Mawe tunayakuta hukohuko.

Hivi karibuni mwalimu mwenzangu, msichana aliyehamia shuleni kwetu mwaka huu, aliomba kujiunga nasi, akaniuliza anunue jiko gani. Nilimkalisha chini mapumziko yote ya saa nne. Nilimweleza gesi na baridi, spiriti na nyusi, ngozi ya pampu, urefu wa mrija, upana wa miguu. Kengele ilipolia nilikuwa bado sijafika kwenye upepo. Alinisikiliza kwa heshima yote, akiitikia kwa kichwa panapostahili.

Jumamosi alikuja na chupa kubwa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye taulo, bado moto. Tulikaa kwenye nyasi tukala chapati na kunywa chai yake, ilikuwa na tangawizi. Jiko langu lilikaa mkobani mchana kutwa na hakuna aliyeliulizia. Sikuona vibaya sana. Niliona vibaya kidogo, nikaongezewa chai.